Kituo cha injili kinalipiwa na watazamaji: siku kikiuzwa, hela anachukua nani?

Fundi Mnara (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kila uzi wa TV za dini humu jukwaani huishia kwenye gari la mchungaji na suti ya mchungaji. Leo naomba tuyaache hayo tuongelee mali: mnara, masafa, kamera, jengo, leseni. Vitu ambavyo vinanunuliwa kwa michango ya watu walioko sebuleni. Nimekaa kwenye mitambo ya kurushia matangazo miaka ya kutosha na swali hili sijawahi kusikia likijibiwa hewani.

Naanzia Marekani kwa sababu kile kisa cha kwanza tunakijua kuanzia kuzaliwa mpaka kuuzwa.

Oktoba 1, 1961, mji wa Portsmouth, Virginia, mhubiri Pat Robertson aliwasha kituo cha TV cha WYAH, chaneli 27. Herufi zile zimetoka kwenye jina Yahweh. Msidhani alikuwa mtoto wa mkulima: baba yake alikuwa seneta, na yeye mwenyewe alisomea sheria Yale. Ila hela hakuwa nayo. Kilichomwezesha kupata kituo ni kwamba kilikuwa kimekufa, na kilikufa kwa sababu kilikuwa UHF, yaani masafa ya chaneli ya 14 kwenda juu.

Wasio mafundi wanivumilie kidogo hapa, maana ndipo uchumi wote ulipolala. Televisheni nyingi za nyumbani miaka ile zilishika VHF tu, chaneli ya 2 mpaka ya 13. Ukitaka kuona chaneli 27 ununue kifaa cha ziada cha kubadili masafa. Nani atanunua kifaa ili aone kituo kimoja? Wafanyabiashara walikuwa wanafunga virago. Mwaka 1962 Bunge la Marekani likapitisha sheria kwamba TV mpya zote zitengenezwe zikiwa na uwezo wa kushika chaneli zote, na kuanzia 1964 viwanda vikalazimika kufuata. Yaani wahubiri waliingia UHF wakati hakuna anayeitaka, na muda si mrefu serikali ikawaletea watazamaji mpaka mlangoni. Masafa yaliyookotwa yakawa mali.

Lakini 1963 hayo yalikuwa bado. Bili ya mwezi ilikuwa dola 7,000 na hakuna tangazo la sabuni wala la bia. Robertson akaenda hewani kwenye kipindi kirefu cha kuchangisha akaomba watu 700, kila mmoja dola 10 kwa mwezi. Hesabu ya darasa la tatu. Hapo ndipo jina la 700 Club lilipotoka, na 1966 likawa jina la kipindi.

Mimi ile ombaomba ya 1963 naiheshimu, tena sana. Mtazamaji alijua bili ni kiasi gani, wanahitajika watu wangapi, na wakitimia kelele zinaisha. Nitajieni kituo chochote cha injili ukanda wetu kilichowahi kuweka bili yake ya mwezi kwenye kioo.

Sasa mwisho wake. Aprili 1977 CBN, taasisi ya Robertson iliyomiliki kituo, ikapanda setelaiti ikawa chaneli ya kebo ya nchi nzima. Mali zikawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kituo chenyewe cha Portsmouth, ambacho kufikia miaka ya 1970 kilikuwa kinarusha hadi katuni na vichekesho vya zamani vya familia katikati ya mahubiri. 1989 kikauzwa. Mnunuzi akakiita WGNT, na chaneli 27 ikaendelea na maisha ya burudani. Fungu la pili ni chaneli ya kebo. Hiyo iliingiza faida nyingi mpaka ikatishia msamaha wa kodi wa taasisi, kwa hiyo 1990 ikahamishiwa kampuni ya biashara, International Family Entertainment, chini ya Robertson na mwanawe. 1997 kampuni hiyo ikauzwa kwa kundi la tajiri wa vyombo vya habari Rupert Murdoch kwa takriban dola bilioni 1.9. Sehemu ya fedha ilirudi CBN na chuo kikuu chao cha Regent. Wenye hisa nao, familia yake ikiwemo, walipata chao.

Wale 700 wa dola kumi kumi hawakuwa na hisa hata moja. Simwiti mtu mwizi, hakuna mahakama iliyosema hivyo. Nauliza tu: mchango wako wa mwezi kwenye kituo cha injili unakupa nini juu ya kile kituo?

Karibuni. Matusi peleka jukwaa la siasa.

---

Kijana wa Keko

Mkuu bando linaisha, weka ufupisho.

Fundi Mnara

Watu walichanga, kituo kikakua, kituo kikauzwa, hawakuulizwa. Haya kalale.

---

mwanakwaya77

Nimesoma yote. Mkuu Fundi unachanganya sadaka na uwekezaji. Sadaka ikishatoka mkononi imetoka. Mimi nikitoa sadaka ya ujenzi siendi kuomba hati ya kiwanja cha kanisa. Nimempa Mungu, na aliyekabidhiwa akiitafuna atajibu yeye. Mnataka kila kitu kigeuke SACCOS.

Fundi Mnara

Mwanakwaya, kanisani kwenu kuna kamati ya ujenzi, kuna mhazini, na matangazo ya Jumapili yanasomwa: wiki iliyopita tumepata kiasi hiki, mabati bado. Ukitoa unaona ukuta unapanda. Mimi nataka huo huo utaratibu uende kwenye kituo. Hisa sijaomba.

---

Tomaso

Mmeiruka sura nzito kuliko zote kwenye kitabu hicho. 1965 pale pale WYAH waliajiriwa vijana wawili, Jim na Tammy Bakker, wakawa na kipindi cha watoto cha vikaragosi. Mwaka ule ule kwenye changizo, hela ikawa haijatosha, Jim akaangua kilio mbele ya kamera. Simu zikafurika. Kwa mtazamo wangu historia yote ya TV za injili inageukia usiku ule, kwa sababu kituo kiligundua kwamba chozi linaingiza kuliko hesabu. Bili ya dola 7,000 inatimia inaisha. Chozi halina kiwango.

Wakaondoka CBN 1972, wakapita California ambako 1973 walishirikiana na wahubiri Paul na Jan Crouch kuanzisha kilichokuja kuwa TBN, mtandao mkubwa wa TV za injili, kisha wakaenda Charlotte, North Carolina, wakajenga PTL, huduma yao wenyewe ya TV. Nao wakapanda setelaiti, halafu wakajenga Heritage USA, mji wa mapumziko wa Kikristo kule Fort Mill, South Carolina, wenye hoteli na bwawa la maji la kuchezea. Hapo kwenye hoteli ndipo palipowaponza. Walikuwa wanauza "ubia wa maisha": toa dola 1,000, kila mwaka unalala siku tatu bure, maisha yako yote. Wakauza ubia mwingi kupita vyumba vilivyokuwepo, na hela ikaenda kulipia matumizi mengine. Machi 1987 Jim akajiuzulu, gazeti la Charlotte Observer likiwa limewachimba miaka (kazi hiyo iliwapa tuzo ya Pulitzer 1988). 1989 akatiwa hatiani kwa makosa 24, akahukumiwa miaka 45. Rufaa ikaipunguza, akatoka 1994.

Oneni kilichomfunga. Hakufungwa kwa kuomba sadaka, wala kwa kuishi kifahari. Alifungwa kwa sababu aliahidi kitu mahususi, chumba, na chumba hakikuwepo. Angesema tu "panda mbegu" pengine asingegusa gereza.

Kijana wa Keko

Kwa hiyo somo ni usiahidi kitu kinachohesabika 😂

Tomaso

Wewe unacheka, wenzako walishalishika zamani. Mwaka ule ule 1987 mhubiri wa TV Oral Roberts kule Tulsa aliwaambia watazamaji kwamba isipopatikana dola milioni 8 Mungu atamwita nyumbani. Akapata, na dola milioni 1.3 zilitoka kwa tajiri mmoja wa Florida mwenye viwanja vya mbio za mbwa. Za kamari! Hiyo hakuna mwanasheria anayeweza kuipeleka mahakamani.

---

MtuWaNakuru

Wadau, nachangia kutoka huku Kenya. Sisi harambee tumezaliwa nayo. Ya shule, ya hospitali, ya matanga. Na harambee ina sheria zake ambazo hazijaandikwa: jina lako linasomwa, kiasi kinasomwa, mwisho wa siku jumla inasomwa mbele ya wote. Ukienda na hiyo hela mahali pengine kijiji kizima kinajua uliondoka na ngapi.

Paybill, ile namba ya kulipia kwa simu, imeua kitu kimoja. M-Pesa ilipoingia 2007 tulifurahia, na kweli imesaidia, mtu wa Lodwar anachangia kituo kilichoko Nairobi bila kupanda gari. Lakini hakuna anayesikia jumla. Wewe unapata ujumbe wako, yule anapata wake, na mwenye paybill peke yake ndiye anayeona zote. Harambee bila kusoma jumla, hiyo kwetu ingeitwa jina lingine.

Fundi Mnara

Hapo umenigusa. Na kiufundi kusoma jumla ni rahisi kuliko zamani, mfumo unaihesabu wenyewe. Kuiweka kwenye kioo kila usiku baada ya taarifa ya habari ni kazi ya dakika mbili. Hawaiweki kwa kupenda.

---

Mama wa Kimara

Jamani naomba na mimi niseme, maana mnaongea kama vile wanaotoa ni wajinga.

Mama yangu mzazi alipata kiharusi. Hatoki. Ibada yake, nyimbo zake, maombi yake ya usiku ni kile kituo. Kuna mtangazaji wa asubuhi akichelewa dakika tano mama anauliza ana nini. Ninatoa elfu tano kila mwezi, na wala hawajanilazimisha. Nikipanda daladala nalipa nauli nafika, sidai kadi ya gari. Mimi ninalipia kile mama anachokipata leo.

Muwaulize pia hao wa 1963 kama hawakufaidi. Labda walipata ibada miaka ishirini na kitu kwa dola kumi. Si haba.

mwanakwaya77

Amina mama.

Fundi Mnara

Shikamoo mama. Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu na sina namna ya kuipangua, kwa sababu huduma mnaipata kweli. Ninachoongeza ni hiki: nauli haikuambii "tusaidie tununue gari". Kituo kinaomba vyote viwili kwa sauti moja, cha kuendeshea leo na cha kununulia mtambo wa kesho. Cha leo kimeliwa leo, nakubaliana na wewe. Mtambo unabaki miaka kumi, na una jina la mtu au la taasisi kwenye risiti.

Halafu kuna jambo ambalo watazamaji wengi hawajalitambua. Enzi za analojia kituo kilikuwa na mnara wake na mtambo wake wa kurushia. Hapa kwetu Dar walizima analojia Desemba 31, 2012, mikoa mingine ikafuata, na Kenya wakamalizia 2015 kwa vurugu zile mnazozikumbuka za vituo vikubwa kutoweka hewani. Baada ya hapo kituo kinatengeneza vipindi tu. Kurusha ni kazi ya mwenye leseni ya kubeba chaneli nyingi, na analipwa kila mwezi. Usipolipa anakushusha, haijalishi mna wagonjwa wangapi majumbani. Kwa hiyo mchango ambao zamani ulijenga mnara, siku hizi unakwenda kodi ya pango kwenye mnara wa mtu mwingine. Kuna vituo vilibaki na minara yao imesimama haina kazi. Tangazo la kuchangisha likabaki lile lile.

---

Kijana wa Keko

Si wahamie YouTube tu? Bure.

Tomaso

Bure mpaka siku mwenye nyumba akubadilikie. Emmanuel TV ya Nigeria ilikuwa na wafuatiliaji zaidi ya milioni moja YouTube, 2021 chaneli ikafutwa kwa kosa la maudhui ya chuki. Sitetei maudhui yale. Nasema miaka yote ya kukusanya watu iliondoka kwa uamuzi wa ofisi moja.

MtuWaNakuru

Na yule mama yake Mama wa Kimara mnampa YouTube na bando la nani? Wazee wanataka rimoti, kitufe kimoja, basi.

---

Wakili wa Mtaa

Nimechelewa kuingia, nilikuwa safarini. Nijibu swali la mwanzisha uzi kisheria, maana mnazunguka.

Kwa Marekani, taasisi isiyo ya faida haina wenye hisa. Mali ikiuzwa, fedha inatakiwa ibaki kwenye malengo ya taasisi, haiwezi kugawanywa kama gawio. Ndiyo maana kuuza WYAH 1989 hakukuwa na shida, fedha ilibaki kwenye taasisi. Pale kwenye chaneli ya kebo ndipo mambo yanapokuwa matamu, kwa sababu ilihama kutoka taasisi kwenda kampuni yenye hisa. Swali la kisheria la hatua kama ile siku zote ni moja: taasisi ililipwa thamani halisi siku ya kuhama? Kila kinachopanda thamani baada ya siku hiyo ni cha wenye hisa. Mchangiaji hana kiti kwenye meza ile.

Uwazi nao una mashimo. Mashirika mengi ya hisani kule yanajaza fomu ya mapato na matumizi ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Makanisa yamesamehewa. Huduma ya TV ikitambuliwa kama kanisa, pazia limeshuka. Seneta Chuck Grassley aliwaandikia wahubiri sita wa TV mwaka 2007 akitaka hesabu zao, baadhi wakajibu, wengine wakagoma, 2011 uchunguzi ukafungwa bila adhabu kwa mtu. Wainjili wenyewe walikuwa wameshaanzisha chombo chao cha kusimamiana, ECFA, tangu 1979, lakini kujiunga ni hiari.

Turudi nyumbani. Tanzania mali ya kanisa au taasisi ya dini kwa kawaida inashikwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa usajili na udhamini, chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318. Wadhamini wanashika kwa niaba, si mali yao. Lakini kituo cha TV kinahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mwombaji mara nyingi ni kampuni. Kampuni inasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ina wanahisa au wanachama. Sasa ukute kanisa ni wadhamini, TV ni kampuni, na kampuni ina wanahisa wawili, baba na mama mchungaji. Kwenye kioo wanasema "kituo cha kanisa letu". Kwenye makaratasi ni biashara ya familia. Wala si kosa la jinai, ni mpangilio halali kabisa. Ila mchangiaji anajenga kitu ambacho kinarithiwa.

Kijana wa Keko

Hapa sasa nimeweka kambi. Bando nitakopa.

mwanakwaya77

Wakili, vipo vituo ambavyo ni vya dayosisi na majimbo, vinakaguliwa hesabu na sinodi. Msiviweke kapu moja.

Wakili wa Mtaa

Sahihi kabisa. Kituo cha dayosisi askofu akistaafu kinabaki. Tofauti ndiyo hiyo hiyo ninayoisema: angalia nani yupo kwenye karatasi, utajua kitaishi baada ya mwanzilishi au la.

---

Mkatoliki Mtulivu

Sio TV lakini nalileta kwa sababu linahusu. Radio Maria hapa nchini ilianzia Songea 1996, mtindo wenyewe ulitoka parokia moja ya Erba, Italia, miaka ya 1980. Hawachukui matangazo ya biashara. Wanaishi kwa wasikilizaji, na kila mwaka wana changizo lao, Mariathoni. Kazi nyingi za studio zinafanywa na watu wa kujitolea. Kinachonivutia ni kwamba wanaomba kwa kitu maalumu: mwaka huu tunataka mtambo sehemu fulani. Msikilizaji wa sehemu ile akiwasha redio akaisikia, taarifa ya hesabu ameshaipata kwa masikio yake.

Redio ni rahisi kuliko TV, nakubali. Kamera, taa, wahariri, magari ya nje, TV inakula hela kama haina akili nzuri.

Fundi Mnara

Mkuu umeniokolea maneno. Na kukataa matangazo kuna maana ya pili. Kituo cha injili kisichochukua tangazo la bia kinaweza bado kuuza muda wa hewani kwa wahubiri wengine. Dakika thelathini za jioni, lete hela, hubiri chochote. Mtazamaji anadhani kituo kimemchagua yule mhubiri kwa mafundisho yake, kumbe amelipa. Halafu yule mhubiri naye ndani ya zile dakika anaweka namba yake ya michango ili apate ya kulipia wiki ijayo. Bibi wa watu anachangia kituo, anachangia na mpangaji wa kituo.

Tomaso

Ndiyo maana mafundisho ya kule jioni yanapishana na ya asubuhi kama mbingu na ardhi.

---

Mama wa Kimara

Nimesoma ya Wakili mara mbili. Basi niambieni, mimi si msomi, nikitaka kujua kile kituo changu kiko RITA au kiko huko kwingine naanzia wapi? Sitaki ugomvi na mtumishi. Na elfu tano nitaendelea kutoa, mama bado anaangalia.

Wakili wa Mtaa

Mama, anza na kituo chenyewe kwa heshima. Piga ile ile namba ya michango, uliza leseni ya TCRA ina jina gani. Usiulize mapato, watajihami. Jina la mwenye leseni ni swali la kawaida tu. Likiishia na "Limited", hiyo ni kampuni, taarifa zake ziko BRELA. Likiwa ni "Registered Trustees", nenda RITA. Wakikuambia hawajui, uliza risiti za michango zinatoka kwa jina gani, au angalia jina linalokuja kwenye simu ukituma. Hilo jina wanalo, kwa sababu mtandao wa simu hausajili namba ya malipo bila mwenyewe.

Mama wa Kimara

Linalokuja ni jina la mtu. Mwanaume. Hata si mchungaji, simjui.

Kijana wa Keko

Uwiii.

Fundi Mnara

Mama, usihukumu kwanza, inaweza kuwa mhasibu walimwandikisha haraka haraka siku namba ilipofunguliwa. Nimeona hiyo sehemu zaidi ya moja. Lakini hilo ndilo la kuuliza, na uulize wewe unayetoa kila mwezi. Sisi wa humu hatuna nguvu ya kuuliza, hatujatoa hata mia.

MtuWaNakuru

Ukijibiwa rudi hapa utuambie. Na hapa Nakuru naenda kuangalia ya kwangu, maana na mimi natuma.